Mkasi wa Mpiga Picha

Sogeeni, wajukuu zangu, na anayetafuna anyamaze kwanza. Haya yalimpata shoga yangu, mpiga picha wa bustani ya mji. Masika mpaka kiangazi alikuwa pale, mkasi mfukoni. Akiona kiota, hukata majani yote yanayokizunguka ili mwanga uingie.

“Shoga, unawaanikia kunguru makinda hayo,” nilimwambia.

“Kwani mimi ndiye mama yao?” akacheka. “Picha haitaki kivuli.”

Akapiga picha zake, akaondoka. Kunguru hawakubakiza hata unyoya.

Baadaye akalalamika kwamba akijifungia kwenye chumba cha giza kusafisha picha, anasikia mkasi ukikata: kacha, kacha. Nikamwambia ni panya.

Siku ya tatu tulimkuta humo amekufa, kinywa wazi kama kinda linalongoja kulishwa. Kitambaa cheusi alichozibia dirisha kilikuwa kimekatwa duara safi, jua likimmulika usoni tu. Nje ya kioo kunguru walikuwa wamejipanga.

Kamera alirithi dada yake. Mkasi nilirithi mimi, nikaufungia sandukuni. Leo nimeamka, pazia langu lina tundu la kupitisha kidole.