Mboga za Mama Mzazi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Kiherehere alitoka kwa mlango wa jikoni na ndoo ya maji na kopo. Nyumbani walimwita hivyo, na jina lenyewe alilipata kwa haki: kazi ikitajwa tu, ameshaidandia kabla hajaambiwa inafanywaje. Nyuma ya jiko palikuwa na matuta ya mama ya mchicha, spinachi na nyanya.

Bustani ile haikuwa na likizo. Mvua kubwa ziliponyesha, walichimba mifereji maji yasije yakazoa mbegu. Wakati wa baridi miche ilidumaa hadi ikatia huruma. Kiangazi kilipoingia, walitandaza nyasi kavu juu ya udongo usikauke. Lakini nyanya ya kwanza ikiiva, loo! Waliigawana palepale, hata chumvi hawakuisubiri.

Kazi moja tu ilimshinda Kiherehere. Mama alimfundisha kugeuza kila jani, kutafuta viwavi upande wa chini na kuwatumbukiza kwenye kopo la maji.

"Mdudu si mjinga akae juu aonekane," mama alizoea kusema. Kiherehere akimshika kiwavi mmoja, mwili wote ulimsisimka.

Kisha mama akaenda hospitali kujifungua, na kwa kuwa presha ilikuwa imempanda, akalazwa huko. "Bustani nakuachia wewe, mwanangu," alisema. "Nikirudi na mtoto, nataka kula mboga zangu mwenyewe." Shangazi, dada yake baba, akaja kukaa nao.

Maji Kiherehere alimwagilia. Majani hakugeuza hata moja. Haikupita wiki, spinachi ikawa matundu matupu. Kiherehere akayaona asubuhi moja akimwagilia. Na jioni hiyohiyo mama akapiga simu.

"Bustani yangu inaendeleaje?"

"Inapendeza, mama! Utashangaa mwenyewe."

Alimrudishia shangazi simu haraka. Atamwonyesha nini mama?

Kesho yake shangazi alipokwenda dukani, Kiherehere alipanda kiti, akaichukua juu ya kabati dawa ya mende ambayo watoto walikatazwa hata kuigusa. Mdudu ni mdudu tu, alijiambia. Akalipulizia tuta zima la spinachi mpaka kopo likawa jepesi. Hadi jioni viwavi walikuwa chini, wamekufa. Majani mapya yakachomoza bila tundu, naye akaanza kupumua.

Siku moja aliporudi kutoka shule, alikuta viatu vya mama mlangoni. Mama alikuwa ameketi kitandani, amekonda, mtoto mchanga ananyonya. Kiherehere alimkumbatia, akacheka, karibu alie. Ndipo akasikia sufuria ikichemka jikoni. Akakimbilia huko.

"Shangazi, unapika nini?"

"Mboga za mama yako. Nimechuma spinachi yako, hongera sana! Hata mdudu mmoja sikumwona."

Kiherehere akaisogelea sufuria. "Labda... labda tumpe maharage, shangazi. Hiyo spinachi ni chungu."

"Chungu umeionjea wapi? Hebu nipishe, nisije nikakuunguza!"

Kiherehere alimfuata shangazi aliyebeba sahani ya mama. Akisema, mama atajua alidanganya, na presha je? Labda dawa imetoka ilipooshwa. Labda moto umeimaliza. Lakini kama haijaisha? Na mtoto ananyonya! Mama akainua kijiko, akakipuliza kipoe.

"Mama, usile!" Akampokonya sahani, mchuzi ukamwagikia shuka. "Niliipulizia dawa ya mende!"

Mama akamgeukia shangazi. "Wifi, umeonja?"

"Sijaonja! Jamani, mtoto huyu nusura atumalize!"

Shangazi alifoka mpaka pumzi zikamwishia, kisha kazi ikaanza. Chakula chote kilimwagwa shimoni. Walivaa mifuko ya plastiki mikononi, wakang'oa tuta zima na kulifukia mbali na kuku. Dawa ikafungiwa kabatini kwa ufunguo. Mama alikaa kwenye kizingiti na mtoto wake, akiangalia. Kila shina lililong'oka, Kiherehere alilia kwa kwikwi. Alipomaliza kunawa kwa sabuni, alisimama mbele ya mama, macho chini.

"Mbona hukuniambia siku ile kwenye simu?" mama aliuliza.

"Niliogopa utahuzunika. Presha ingepanda."

"Ningehuzunika, ndiyo. Ningekugombeza pia, kwa uvivu wa kugeuza majani. Halafu tungepanda upya, basi." Mama akamvuta, akamketisha kando yake. "Uliniambia maneno matamu ili nifurahi, na kwa hayo maneno matamu ningemnyonyesha mdogo wako sumu. Umeogopa leo?"

"Sana, mama."

"Hata mimi. Lakini umesema, na kwa hilo nakushukuru." Akamwekea mtoto mapajani, taratibu, kichwa kikilala mkononi mwake. "Siku nyingine ukiharibu kitu, niambie mapema, wakati kilichoharibika bado ni mboga tu."