Ngoma ya Osiako

Rafiki yangu Osiako haendi tena mechi za ugenini. Mara ya mwisho alienda Lumakanda na basi la mashabiki kushangilia timu, yeye na isukuti yake, ngoma anayoipiga na pigo moja la kuchelewa alilofunzwa na marehemu babake. Mashabiki wengine wamelijaribu, likawashinda.

Mechi ilipoisha, giza likianza kuingia, alimwachia ngoma Bravin, rafiki yake tangu chekechea.

"Naenda haja mara moja. Mwambie dereva aningoje."

Aliporudi, basi halikuwepo. Uwanja ulikuwa mtupu, mahindi yakikwaruzana gizani. Akapiga simu kwa hasira.

"Bravin, umeniacha kweli?"

"Nani huyu? Osiako yuko hapa kiti cha nyuma, anatupigia ngoma."

Kweli ngoma ilikuwa ikilia. Na lile pigo likachelewa vilevile.

"Bravin, sikiza sauti. Ni mimi, ndugu yangu."

Ngoma ikanyamaza. Bravin akaanza kuhema, alikuwa ameitambua sauti ya rafiki yake. Kisha Osiako akasikia sauti yake mwenyewe, kutoka ndani ya basi, ikisema polepole:

"Kata hiyo simu, Bravin."

Na Bravin akakata.