Kidole cha Babu Tokuji

Nyumbani kwa akina Kanbara hakuna aliyeruhusiwa kutoka asubuhi kabla Babu Tokuji hajalihutubia jiko.

"Gesi!" alitangaza, kidole kimenyooka. "Imezimwa! Dirisha! Limefungwa!"

Ndivyo madereva wa treni wanavyokagua kazi yao, kwa kidole na kwa sauti, na Babu aliendesha treni miaka thelathini na minane. Reli ya bondeni ilikwisha kung'olewa, ikawa njia ya watembea kwa miguu. Kidole cha Babu kilikataa kustaafu.

Mjukuu wake Kotone, msichana wa miaka kumi na mmoja, alimwigiza shuleni kwa ustadi wa kuheshimika. "Choo!" alikuwa akitangaza. "Kimejaa!" Darasa zima lilikuwa hoi kwa kicheko.

Jumapili moja, majani yalipokuwa mekundu, familia ilijiandaa kuitembea njia ile. Siku ya Alhamisi Babu angepasuliwa goti, na daktari hakuahidi kwamba angeweza tena kutembea mbali.

"Handaki la Tsuzura nimelipita mara elfu ishirini," Babu alisema, "na ukuta wake sijaugusa hata siku moja."

"Simu na michezo vinabaki nyumbani," Mama akaamuru. "Leo tutazame bonde."

Kotone alikabidhiwa tochi.

"Tochi?" Babu aliuliza mlangoni.

Kotone alinyoosha kidole huku akimkonyeza mdogo wake, Rikuto. "Tochi! Ipo! Betri! Zimo!" Rikuto alicheka mpaka akakaa chini. Tochi yenyewe hakuna aliyeitazama.

Njia ilikuwa tambarare, maana treni hazipendi milima. Mataruma ya zamani, magogo yaliyobeba reli, bado yalichungulia udongoni. Babu alitembea kwa mkongojo akieleza: hapa alipunguza mwendo kwa ajili ya nyani, pale upepo wa daraja ulimwibia kofia. Walikula mabonge ya wali mto ukinguruma chini yao. Kotone alisikiliza mdomo wazi. Kumbe mtu anaweza kulijua bonde zima, kona kwa kona, akiwa amekaa kitini!

Mdomoni mwa handaki palikuwa na kibao: ni marufuku kuingia bila taa. Ndani lilipinda, likawa giza tupu.

Kotone alibonyeza tochi. Haikuwaka. Akabonyeza tena.

"Labda imelala," Rikuto alisema.

Hapo Kotone akakumbuka. Betri alizitoa wiki iliyopita akazitia kwenye mchezo wake wa mkononi, na mchezo huo ulikuwa umefichwa chini kabisa ya mkoba wake, kinyume cha amri.

"Imeharibika," alinong'ona.

"Basi turudi," Mama alisema kwa huzuni.

Babu alivua glavu nyeupe ya udereva aliyokwisha kuivaa kwa heshima ya handaki, akaikunja taratibu, akaitia mfukoni. Kisha akaliinamia handaki kidogo, kama anayeaga, akageuka na mkongojo wake.

Glavu ile ilimshinda Kotone.

"Babu, subiri! Haijaharibika. Nilitoa betri mimi. Zimo humu." Akautoa mchezo mkobani, uso ukimwaka.

"Kotone!" Mama alifoka. "Nilisema nini nyumbani?"

"Dada umekwisha," Rikuto alisema kwa furaha.

Babu alipokea betri, akazitia kwenye tochi. Mwanga ukaruka ndani ya handaki. Wakaingia. Katikati ya kona Babu aliuweka mkono wake mtupu ukutani, akauacha hapo kwa muda mrefu. Ulipotoka ulikuwa mweusi kwa masizi.

"Masizi ya treni zangu," alisema. Akampaka Kotone puani.

"Babu, nisamehe. Nilikuwa nakuigiza tu."

"Uliigiza kidole, ukasahau jicho. Mimi nanyoosha kidole ili jicho langu lisinidanganye. Nyuma yangu walikaa watu mia mbili, mjukuu wangu." Akamshika bega. "Lakini umesema kweli wakati ungeweza kunyamaza, na ukweli wako ndio ulionivusha hapa. Fanya kazi yako kwa macho, na ukikosea sema mapema, kosa likiwa bado linarekebishika."

"Na mchezo nitakaa nao mimi mwezi mzima," Mama aliongeza.

Jumatatu asubuhi Kotone alisimama mlangoni, pua bado ina weusi kidogo. Alifungua mkoba, akatazama, kisha akanyoosha kidole.

"Daftari! Lipo! Kalamu! Ipo!"

"Mchezo!" Rikuto alitangaza nyuma yake kwa heshima zote. "Haupo!"

Na Babu, akiwa amevaa glavu zake nyeupe, alicheka kuliko wote.