Mgomba Ulionona Kiangazi

Kule Ijumbi, Muleba, Kokuhirwa alianza kila siku kwa kukagua kibanja, shamba la migomba lililozunguka nyumba yake. Jani likinyauka, aliuliza sababu. Mumewe, Kagaruki, alimtania kwamba angehoji hata jiwe.

Mwaka huo walitaka kununua nyumba mtaa wa Bakoba, mjini Bukoba, ili binti yao Adventina awe karibu na shule. Mwenye nyumba, Bwana Dhirajlal muuza vitambaa, alikuwa akihamia kwa mwanawe Mwanza. Akiba yao ya kahawa ya misimu mitano ingeishia hapo. Wakikosea, hawakuwa na nyingine.

Walipokwenda kuitazama, Bwana Dhirajlal akiwaongoza, kuta zilikuwa na chokaa mpya. Tangi la maji lilisimama juu ya nguzo, na bomba lilipita chini ya ardhi hadi jikoni. Kagaruki akafungua koki, maji yakatoka vizuri. Kisha akauona mgomba nyuma ya jiko, mnene, wa kijani kibichi.

"Mama Adventina, kiangazi hiki, na mgomba umenona hivi? Udongo huu ni baraka. Tununue leo."

Kokuhirwa akatazama kando. Hatua chache tu kutoka hapo, migomba mitatu ilikuwa ya manjano. Udongo ni ule ule. Samadi hakuna.

"Bwana Dhirajlal, mgomba huu anaumwagilia nani?"

"Hakuna mtu, mama. Unajiotea tu."

Basi Kokuhirwa akaomba siku moja. Kesho yake alikuja na Lameki, fundi wa mabomba. Lameki alifunga maji yanayoingia tangini, kisha koki zote za ndani. Akatumbukiza fimbo kavu tangini hadi chini, akaitia alama kwa kisu pale maji yalipofika. Akawaomba wote wanywe chai, wasiguse maji. Vikombe vilipokwisha, akapima tena. Maji yalikuwa yameshuka vidole viwili.

"Koki zimefungwa, na hakuna aliyechota," alisema. "Maji yamekwenda wapi?"

Kokuhirwa akaonyesha mgomba.

Wakachimba. Bomba lilikuwa limeliwa na kutu, na udongo chini ya ukuta ulikuwa tope. Lameki akakwangua chokaa. Ufa ukaonekana hadi dirishani. Akaeleza kwamba maji yanayovuja ardhini hula msingi polepole, na mwenye nyumba asijue. Ndiyo maana mnunuzi hupima tangi kabla ya kutoa fedha.

Bwana Dhirajlal aliinamisha kichwa. Ufa aliuona, akadhani ni uzee wa nyumba, akaupaka chokaa. Alikubali kubadilisha bomba na kutengeneza msingi kwanza.

"Mke wangu amehoji mgomba," Kagaruki alisema taratibu, "nao umejibu."

Kazi ilipokwisha, walipima tena. Maji hayakuondoka kwenye alama. Wakanunua.

Kabla ya mvua, mgomba ule nao ukawa wa manjano. Kokuhirwa akaleta kikapu cha samadi kutoka Ijumbi, akaigawia migomba yote minne, sawasawa.