Salamu Zilizovuka Ua

Kila alasiri, akishamaliza kuosha vibuyu vya maziwa, Vivian aliketi kwenye kizingiti cha jikoni na kumsikiliza baba yake. Baba hakuwa nyumbani. Alikuwa ndani ya redio.

Gideon, baba yake Vivian, alikuwa mtangazaji. Kwa miaka mingi alifanya kazi Nairobi katika redio ya setilaiti, ile inayorusha sauti angani kwanza ndipo ishuke duniani. Kuinasa kulihitaji chombo maalum na antena bapa kama kifuniko cha sufuria, inayotazama mbinguni kama mlokole. Gideon alisikika Kigali, akasikika Lubumbashi, lakini hapa Yamumbi, pembeni mwa mji wa Eldoret, chombo hicho kilikuwa kimoja tu, dirishani kwa Kogo. Kogo ndivyo Vivian alivyomwita nyanya yake, na mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo.

"Mwanangu anasikika Afrika nzima," Kogo alipenda kujigamba, "isipokuwa kwa majirani."

Kwa hiyo Gideon alizoea kumaliza kipindi kwa salamu za nyumbani. Alimuuliza mama yake kama ng'ombe amezaa, na kama Vivian ameacha kukojoa kitandani. Nani wa karibu angesikia? Ilikuwa kama simu ya bure.

Kisha redio ile ikapunguza watangazaji, na Gideon akarudi Eldoret kwenye stesheni ndogo ya FM mjini. Sasa alisikika kwa kinyozi, kwenye kinu cha kusaga mahindi, na kwenye kila redio ndogo ya betri. Kazi ilibadilika. Mazoea hayakubadilika.

Halafu ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi, moshi. Mwaka 2008 ulianza shule zikiwa zimefungwa. Vijana walipanga mawe na magogo barabarani, wakawa wanawauliza wapita njia majina yao. Jina la mtu likawa kosa lake.

Macharia, fundi wa viatu, alikuwa na jina la kabila lililokuwa likiwindwa. Nyumba yake ilipochomwa, Kogo alimfungulia ghala la mahindi, yeye na binti yake Wangechi, aliyekaa dawati moja na Vivian. Kogo akasogeza magunia, akawafanyia nafasi nyuma yake.

"Hata kuku wasijue," alimwambia Vivian.

Lakini Wangechi hakula. Alikaa huku amekumbatia magoti, sahani ikapoa mbele yake. Kwa hiyo baba alipopiga simu kutoka stesheni, alikokuwa akilala kwa kuwa njia zilifungwa, Vivian alimnong'onezea kila kitu. Akamwomba ampe Wangechi salamu moja tu ya kumchangamsha. Baba si mtu baki, alijiambia. Wala si kuku.

Siku hiyo hiyo, kipindi kilipokaribia mwisho, Vivian aliweka redio mapajani. Kogo alikuwa bustanini akichuma sukuma wiki.

"Na sasa salamu za nyumbani Yamumbi," baba alisema kwa ile furaha yake ya zamani. "Mama, nakusalimu. Vivian, nakusalimu. Na wewe mgeni wetu Wangechi, kula, binti yangu, na baba yako naye ale. Hapo mko mahali sa..."

Sauti ikakatika. Redio ikanyamaza kitambo, kimya cha mtu aliyekumbuka jambo. Kisha wimbo ukaanza bila kutajwa.

Tabasamu la Vivian lilifia midomoni. Alikuwa amemsikia baba mara mbili: mara moja mapajani mwake, na mara ya pili kutoka ng'ambo ya ua, kwa jirani yao Kipyego. Akatega sikio. Ng'ambo ya ua, redio ikazimwa.

Kipyego alikuwa kijana mwenye trekta, aliyelima shamba la Kogo kila msimu. Lakini tangu matokeo yatangazwe, Vivian alikuwa amemwona kwenye kizuizi cha barabarani na wale vijana, rungu mkononi. Sasa aliingia uani bila kupiga hodi.

"Kogo, una wageni?"

"Nina viroboto," Kogo akajibu, sukuma wiki kwapani. "Wakikufaa, wachukue."

Kipyego hakucheka. "Usinifiche."

"Nimekuosha makalio ukiwa mtoto, Kipyego. Nikufiche nini tena?"

Kipyego alitazama ghala. Akatazama barabara. Akageuka kwenda zake.

Vivian aliona mgongo ule ukielekea langoni. Kogo hakusikia redio. Vivian akinyamaza, hakuna atakayejua ni nani aliyefungua mdomo. Lakini Wangechi yuko ghalani, amekumbatia magoti.

"Kogo," akasema, na sauti ikamtoka kama ya paka. "Baba amewataja redioni. Ni mimi niliyemwambia."

Sukuma wiki ilianguka chini. Langoni, Kipyego akasimama.

"Ndilo nililokuja nalo," alisema bila kugeuka. "Lakini siwezi kumwokoa mtu unayeniapia kwamba hayupo. Pale kizuizini wanasikiliza redio ya gari mchana kutwa. Yangu nimeizima, Kogo. Ile yao siwezi kuizima."

Kogo hakumpiga Vivian wala hakumkemea. Alimtazama tu, na kutazamwa huko kulikuwa kubaya zaidi. Kisha akamtuma Kipyego alete trekta na trela yenye mabua ya mahindi ya ng'ombe.

Macharia na Wangechi walilala chini, mabua yakawafunika. Juu yake likawekwa godoro, na juu ya godoro akalala Kogo, akigumia kama ng'ombe anayezaa. Vivian alimshika kichwa.

Kizuizini, kijana mmoja mwenye macho mekundu aliinua mkono. Kipyego akaeleza kwamba anampeleka Kogo hospitali. Yule kijana akazunguka trela polepole, akichoma mabua kwa panga. Vivian aliona makali yakizama karibu na mahali alipojua pana mguu.

"Hawa si watu wa kwa yule mtangazaji?" sauti nyingine ikauliza.

"Mwanangu," Kogo akamwambia mwenye panga, "panda unishike. Nimehara tangu asubuhi, na nyingine hiyo inakuja."

Kijana akaruka nyuma. Gogo likaondolewa.

Trela ilipopiga kona, Vivian aligeuka. Vijana wale walikuwa wakitembea bila haraka kuelekea nyumbani kwa Kogo.

Kituo cha polisi, walikokwenda badala ya hospitali, kilikuwa kimejaa watu waliokimbia. Macharia alimshika Kogo mikono miwili na hakuweza kusema. Wangechi alitoa mabua kwenye nywele zake huku Vivian akimsimulia zile salamu za redioni.

"Baba yako alisema nile?" alimuuliza Vivian.

Vivian alikuwa na kiazi cha kuchemsha mfukoni. Wangechi akakila chote, na maganda yake.

Waliporudi nyumbani, mlango wa ghala ulikuwa umevunjwa, mahindi yamemwagwa, na ile antena ya dirishani imekanyagwa vipande vipande.

Njia zilipofunguliwa, Gideon alikuja, akakaa jikoni akitazama sakafu. Alisema kwamba kinywa chake kilikuwa bado kinaongea na mbingu.

"Basi kishushe," Kogo alimwambia. "Ukibadilisha redio, umebadilisha masikio. Neno lililokuwa salama kule linaweza kumuua mtu hapa. Mtu ajue anasikika na nani kabla hajasema."

Akamgeukia mjukuu wake.

"Na wewe, ulipewa siri ukaigawa. Siri ya mtu aliyejificha ni shingo yake. Lakini kosa ulilisema upesi, ijapokuwa ungeweza kulificha. Kosa likisemwa mapema ni cheche jikoni, linamwagiwa maji likaisha. Likifichwa, linachoma nyumba na wenyewe. Wangechi yu hai kwa sababu hukungoja."

Vivian aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, kwa kuwa swali hilo lilikuwa limemkaa siku nyingi, "Kogo, na kule kuhara? Haukuwa uongo?"

Kogo alikoroga chai yake.

"Kwa hofu niliyokuwa nayo pale juu, mjukuu wangu," alisema, "hata haukuwa uongo mtupu."