Jina la Zabibu kwenye Fishi

Saa nane mchana Zabibu alifika kwenye dispensari ya mtaa, kule Ruashi, na sufuria ya bukari, ugali wa mumewe, kichwani. Huyo mumewe, Amisi, fundi cherehani, alikuwa amelazwa kwa malaria kali. Dawa ya kinini ilikuwa ikishuka tone kwa tone kutoka kwenye chupa mpaka mkono wake wa kulia, mkono wa kazi.

Muuguzi Kapinga alikuwa ameshajifunga kitenge cha chama tawala. Mkubwa fulani alikuwa anakuja, na wanawake walitakiwa kwenda kucheza animasio, ngoma za kumsifu.

"Mama Zabibu, angaria hii serumu," alisema, akimwonyesha chupa ya dawa na kifungio cha mpira wake. "Ikikawia, fungula hapa kidogo. Minarudia sasa hivi."

Hiyo sasa hivi yake ilikuwa saa mbili nzima.

Serumu ikakawia kweli. Zabibu akafungua kidogo, tena kidogo. Mkono ukaanza kuvimba, naye, maskini, akafurahi.

"Inauma," Amisi alilalamika.

"Vumilia, baba. Dawa iko inaingia."

Kapinga aliporudi na kuuona ule mkono, alishtuka. Akafunga serumu, akaandika upesi kwenye fishi, karatasi ya matibabu ya mgonjwa, kwa Kifaransa. Zabibu alikuwa na miezi mitatu tu katika darasa la kusoma. Kifaransa hakukijua, lakini jina lake alilitambua mara moja.

"Jina yangu inafanya nini pale?"

"Ni weye ulifungula."

Zabibu aliingiwa na hofu. Je, Amisi akipoteza mkono, itasemwa mkewe ndiye aliyemlemaza? Akaenda moja kwa moja kumwita citoyen Kunda, yaani ndugu Kunda, mkuu wa wauguzi.

Kunda alichomoa sindano, akauinua mkono juu ya mto, akasoma fishi.

"Sindano ilitoka mu mushipa, dawa ikamwangika mu nyama," alisema. "Mama atayua wapi? Ye iko hapa kwa kulisha na kunawisha. Serumu iko kazi yako, Kapinga."

"Lakini banatuita ku animasio!"

"Ungemuachia muuguzi mwenzako, si bibi ya mugonjwa. Huyu mukono ukiharibika, tribinali ya sheria itauliza weye. Na kuandika uongo, ile iko kosa ya pili."

Kapinga akainamisha kichwa. Akakata mstari juu ya alichoandika, akaandika upya.

Kesho yake lori la chama lilipopiga honi, Kapinga hakutoka mara moja. Alimwita mwenzake Chanda, akamwonyesha serumu na fishi ya kila mgonjwa, ndipo akaenda.

Siku ya kurudi nyumbani, Amisi alifunga mwenyewe vifungo vya shati, kwa mkono wa kulia. Zabibu akaomba kuona fishi. Jina lake lilikuwa limekatwa. Akaweka kidole chini ya jina lililofuata, akasoma taratibu kwa sauti:

"Ka-pi-nga."

"Ni miye, mama," Kapinga akajibu.