Ng'ombe Kumi na Wanne, Maziwa ya Kuomba

Kila jioni Kimaiyo aliketi juu ya jiwe karibu na zizi, akawangoja ng'ombe wake. Walipanda mlima polepole ndani ya vumbi jekundu. Jua lilikuwa linazama nyuma yao, na pembe zao ziling'aa. Mbali kule bondeni gari la moshi lilipita likielekea Rongai. Kimaiyo hakuliona wala hakulisikia. Alikuwa akimwimbia kila ng'ombe jina lake alipoingia mlangoni. Wa kwanza alikuwa Chelel, yule mweupe, na wengine walifuata.

Walikuwa kumi na wanne. Katika ndoto zake walikuwa mia. Waliufunika mlima wote, hata udongo haukuonekana. Ndoto hiyo ilimfuata mchana kutwa, mpaka kwenye sahani ya ugali.

"Baba Kipketer," mkewe Jerop alimwambia, "mwili wako uko hapa unakula. Wewe mwenyewe uko wapi?"

"Niko malishoni," alijibu, naye alicheka.

Si wote kumi na wanne waliokuwa wake. Sita walikuwa wa Kemboi, mwenzake wa rika, aliyetahiriwa naye siku moja. Kwao kuna desturi ya zamani inayoitwa kimanagan. Mtu humpa rafiki yake ng'ombe amtunzie. Mtunzaji hunywa maziwa, na ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mali yote haimalizwi. Tena marafiki hawasahauliani. Ni desturi nzuri, na ilianza wakati malisho hayakuwa na mwisho. Lakini huu ulikuwa mwaka wa 1956. Kimaiyo alikuwa na ekari kumi tu, na kila upande palikuwa na mpaka wa jirani.

Januari ilikuja na jua kali. Nyasi ziliisha, na vumbi likabaki. Ng'ombe walishuka mtoni asubuhi, wakarudi adhuhuri wakiwa wamechoka. Jerop alikamua na kukamua, lakini kibuyu hakikujaa hata nusu. Mtoto wao Kipketer alikuwa ameacha kunyonya. Hata hivyo, kila jioni kikombe chake kilikuwa na maziwa. Kimaiyo hakuuliza yalitoka wapi. Mtu wa ndoto haulizi mambo ya vikombe.

Siku moja alirudi nyumbani mapema. Alimwona Jerop akija kwa njia ya shule, ameficha kitu chini ya shuka.

"Umebeba nini?"

Jerop alisimama. Alitoa kibuyu kidogo. "Maziwa."

"Ya nani?"

"Ya Nekoye, mama mwalimu."

"Nekoye? Yule mwenye ng'ombe mmoja?"

"Huyo huyo. Ananipa tangu Krismasi."

Kimaiyo aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. "Jerop! Mimi ni mtu wa ng'ombe kumi na wanne!"

"Na mtoto wako ni mtu wa kikombe kimoja," Jerop alisema kwa sauti ndogo. "Mtoto hanywi pembe."

Usiku ule Kimaiyo alilala vibaya, maana ule mlima wa ndotoni ulikuwa umejaa vibuyu vitupu.

Asubuhi alikwenda nyumbani kwa mwalimu. Nekoye alikuwa mke wa mwalimu Nicodemus wa shule ya misheni. Walitoka upande wa Kimilili. Alikuwa amejifunza ufugaji katika darasa la akina mama, na alikuwa mwepesi wa kucheka.

"Karibu, Baba Kipketer. Umekuja kunipiga kwa sababu ya maziwa?"

"Nimekuja kumwona huyo ng'ombe."

Nekoye alimpeleka nyuma ya nyumba. Kimaiyo alitazamia mnyama wa ajabu, wa kizungu. Alimkuta ng'ombe wa kawaida, mwekundu, kama wake mwenyewe. Amelala kivulini, anacheua, macho nusu yamefungwa. Mbele yake palikuwa na majani mabichi yaliyokatwakatwa na maji ndani ya pipa. Chini ya paa la majani makavu ya migomba kulikuwa na nyasi kavu, rundo kubwa lenye harufu nzuri.

"Unampa dawa gani?" Kimaiyo aliuliza.

"Dawa ya kushiba. Wewe, ng'ombe zako zinakunywa maji wapi?"

"Mtoni kule chini."

"Basi zile nyasi kidogo wanazopata zinaishia miguuni. Haziwezi kufika kwenye kiwele. Huyu wangu hatembei. Chakula chake chote kinakuwa maziwa."

"Lakini ni mmoja tu."

"Ndiyo. Zako ni nyingi, na zinanyang'anyana chakula." Nekoye alikwenda kwenye mpaka wa shamba lake na la Kimaiyo, akang'oa nyasi kidogo upande wa Kimaiyo. Kisha aling'oa nyingine kwake. Aliziweka pamoja mkononi. Mizizi ya kwanza ilikuwa mifupi, haikupita kidole. Mizizi ya pili ilikuwa mirefu kama mkono wa mtoto.

"Ona. Nyasi ikiliwa kila siku haipati nafasi ya kukua. Juu inakatwa, na chini mizizi inakufa. Mvua ikija inakuta udongo mtupu, inauchukua wote mpaka ziwani. Nyasi pia inataka kupumzika, Baba Kipketer."

"Nyasi kupumzika! Haya ni maneno ya darasani."

"Basi usiniamini mimi. Zungusha miiba mahali padogo tu, kama ukubwa wa nyumba yako. Usiache hata kwato moja iingie. Halafu ngoja mvua."

Kimaiyo alizungusha miiba. Alinung'unika kazi yote, lakini aliifanya vizuri, kwa kuwa alitaka kumwonyesha Nekoye kwamba amekosea.

Mvua ilinyesha mwezi wa Aprili. Nje ya miiba nyasi zilichungulia, zikaliwa siku hiyo hiyo. Ndani zilipanda mpaka kifundo cha mguu, kisha mpaka gotini. Asubuhi ukungu ulilala juu yake, na jua lilipotoka, kila jani lilikuwa na tone la maji. Kimaiyo alianza kwenda kule kila siku. Alisema anakwenda kukagua miiba. Ukweli ni kwamba moyo wake ulikuwa umenaswa. Siku moja aliingia, akalala chali katikati ya nyasi. Alisikia wadudu wakiimba. Aliona mawingu yakipita. Hakurudi kula.

Jerop alimtafuta, akamkuta. "Baba Kipketer! Unaumwa?"

"Nyamaza kidogo," alisema. "Sikia vile inakua."

Jerop hakusikia kitu, lakini alikaa karibu naye. Baada ya muda Kimaiyo alisema, "Nekoye alisema kweli. Ekari kumi haziwezi kulisha kumi na wanne. Zinaweza kulisha wanne, vizuri kabisa. Lakini Kemboi nitamwambia nini?"

Hilo ndilo lililomtia hofu. Ng'ombe wake mwenyewe angeweza kuwapunguza. Lakini kumrudishia rafiki ng'ombe wa kimanagan ni kama kumfungia mlango. Kwa upande mwingine, kama angewaacha, Kipketer angeomba maziwa tena kila kiangazi. Alifikiri siku tatu, halafu alituma ujumbe Mogotio, alikokaa Kemboi.

Kemboi alikuja. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache.

"Chukua ng'ombe zako, rafiki yangu," Kimaiyo alimwambia.

"Nimekukosea nini?"

"Hapana. Mimi ndiye ninakukosea. Wakati wa jua zinakonda hapa mpaka unahesabu mbavu. Shamba ni ndogo."

"Sisi hatujawahi kurudishiana ng'ombe," Kemboi alisema. "Anayerudisha ni adui."

"Kaa chini kwanza. Nikuonyeshe hii nyasi..."

"Nyasi?" Kemboi alimtazama kama mtu aliyerogwa. Jerop alileta kibuyu cha mursik, maziwa mazito yaliyolala. Kemboi hakunywa. Aliwaswaga ng'ombe wake sita, akateremka mlima bila kuaga. Kimaiyo alisimama zizini akalia machozi, hakujali nani anamwona.

Lakini kazi haikumngoja amalize kulia. Madume manne yalikwenda mnadani Rongai, na badala yake zikaja sengenge na jembe jipya. Aligawanya malisho mafungu manne. Ng'ombe walikula fungu moja, na matatu yakapumzika. Kila baada ya siku chache aliwahamisha. Karibu na zizi Nekoye alimsaidia kupanda majani ya nepia, ambayo wengine huita matete. Waliyapa samadi, ile ambayo zamani ilirundikana mlangoni kazi yake ikiwa ni kuzaa nzi. Mvua ilipopungua, nyasi zilikatwa, zikaanikwa, zikawekwa chini ya paa. Punda alileta maji mpaka zizini.

"Sasa ng'ombe zako zimekuwa mabibi harusi," majirani walimcheka. "Zinaletewa kila kitu ndani!"

"Ngojeni Januari," Jerop aliwajibu.

Januari ilikuja, na jua lake lile lile. Lakini nepia ilikuwa bado kijani, na paa lilikuwa limejaa nyasi kavu. Ng'ombe wanne walijaza vibuyu viwili kila siku. Kipketer alinenepa mashavu, akawa na mbio za kumchosha mama yake. Ng'ombe wa Nekoye alipoacha kukamuliwa ili apate nguvu ya kuzaa, Jerop alipita njia ya shule na kibuyu kilichojaa. Safari hii hakukificha chini ya shuka.

Mchana mmoja Kemboi alitokea. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisimama nje ya sengenge muda mrefu sana. Alimtazama Chelel, aliyekuwa amelala akicheua. Alizitazama nepia zikiyumba kwa upepo. Mwishowe aliingia, akakaa, akapokea kikombe cha mursik. Alikunywa chote.

"Kimaiyo," alisema, "nimekuja kuomba."

Kama ni kupokea wale sita tena, Kimaiyo angekataaje mara ya pili?

Kemboi alinyoosha kidole. "Nipe hizo."

"Nepia?"

"Hizo hizo. Ng'ombe zako zinalala wakati wa jua. Zangu zinaanguka, na mbili hazikuamka."

Kimaiyo alichukua panga, akakata vipande vya shina, kila kimoja chenye vifundo vitatu. Alivifunga mzigo mmoja mkubwa.

"Mvua ikianza, panda kwa kulaza kidogo. Vifundo viwili viingie kwenye udongo, kimoja kibaki nje. Tia samadi. Usilishe mapema, acha ifike kiunoni kwanza. Na hata nepia haitatosha kama zizi limejaa. Bakisha wale ardhi yako inaweza kuwalisha."

"Nimesikia." Kemboi aliinua mzigo begani. Alifika mlangoni, akageuka. "Ninazichukua kwa kimanagan. Zikizaa, ndama ni zako."

Walitazamana, kisha wote wawili wakacheka mpaka Jerop akatoka jikoni kuona kuna nini.

"Basi kaa," Kimaiyo alisema. "Siku ile uliniacha bila kunywa. Kikombe chako kile bado kinakungoja."

Kemboi aliutua mzigo, akanyoosha mkono apewe kikombe cha pili.